Swali Kabla ya Muhuri

Wapendwa, palikuwa na binti mmoja wakili, muhuri wake bado mpya kabisa. Serikali ilimhangaisha kweli kweli kabla ya kumruhusu kushuhudia sahihi za watu: vyeti, mitihani, kiapo mbele ya jaji, leseni ya kila mwaka. Na lilikuwapo sharti ambalo wengi hulipitia juu juu: anayetia sahihi aje mwenyewe, na aulizwe kama ametaka mwenyewe.

Asubuhi moja akaingia kijana nadhifu na mama yake mzazi. Kijana alitaka mkopo wa kununua mashine ya kukoboa mahindi, na nyumba ya mama ndiyo dhamana. Fomu zilikuwa zimejazwa, na mama alishanyoosha kidole gumba kwenye wino.

"Kaka, naomba utupishe kidogo," wakili akasema.

"Niwapishe? Huyu si mama yangu?"

"Ndiyo maana nakuomba."

Mlango ukafungwa. Wakili akavuta kiti karibu. "Mama, mkopo usipolipwa, nyumba itauzwa. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na unaiweka kwa hiari yako?"

Mama akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, kumbe ninaweza kukataa?"

Wakili alimwonea huruma mama yule kuliko alivyoweza kusema. Akafunika wino, akamshika mkono.

Kijana alipoitwa ndani na kuelezwa kuwa mama hataki kuiweka nyumba, hakufoka. Uso ulimshuka tu. "Mama, mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Hukuniuliza, baba."

Jamani, mnamwona yule kijana? Mimi namwona, na namhurumia. Hakuwa mwizi. Alimpenda mama yake, akadhani yatosha. Je, sisi tuko tofauti? Tunawaamulia wake zetu. Tunawaamulia wazee wetu wakaishi wapi na kwa nani, na wakinyamaza tunasema wamekubali. Mungu anayejua yote yaliyomo mioyoni bado anangoja tumwambie wenyewe. Sisi tusiojua kitu hatuna hata muda wa kungoja jibu!

Wakili yule aliuliza kwa kuwa sheria ilimtaka aulize. Mimi na wewe tunaosema tunawapenda, tunangoja serikali ituwekee sharti? Ndugu yangu, leo ukifika nyumbani, kabla hata hujavua viatu, muulize yule unayemwamulia anataka nini. Kisha nyamaza, umsikilize.