Kibuyu Alichokijaza Mke wa Nyegere

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipoezeka nyumba kwa nyasi na kusengenyana kisimani kama sisi, alikuwepo Kindi mmoja jina lake Mashavu. Mdogo kama ngumi, mwepesi kama cheche. Alikwisha kumzungusha Simba. Alikwisha kumtania Nyati mpaka Nyati akasahau kilichomkasirisha. Na kila alipomaliza ujanja wake, alipandisha mkia akaimba:

"Mkia juu, mkia juu,
nimewaweza wakuu!"

Mumewe alikuwa Nyegere. Ndiyo, Nyegere yuleyule mwenye ngozi ngumu, anayetia mkono mzingani nyuki wakabaki kumtazama tu. Msiniulize walioana vipi, mapenzi hayo. Alikuwa mcheshi, tena fundi wa kuezeka. Ila asali yake hakuila. Aliipika pombe, akaijaza vibuyuni, akanywa. Glu, glu, glu! Asubuhi glu, adhuhuri glu, na alasiri ukamkuta anazungumza na kisiki, akidhani ni shemeji yake.

Na paa lao lilikuwa na tundu toka upande huu hadi ule. Watoto wao watatu walilala chini yake wakihesabu ndege wanaopita. Mvua za vuli zilikuwa njiani.

Sasa, kijijini kwao kulikuwa na msaragambo. Baada ya mavuno, wote waliezeka nyumba za wote, moja kila nusu mwezi: mara kwa Twiga, mara kwa Nyati. Lakini nyumba ikikosa kutoa mtu mara tatu, zamu yake ikifika, hakuna atakayeibebea hata unyasi mmoja.

Siku ya kwanza, Tembo msimamizi akabisha.

"Hodi!"

Ukuta ukatikisika.

"Karibu, Mzee Tembo! Taratibu na ukuta wangu."

"Nyegere yuko wapi? Leo tuko kwa Twiga, na nyumba ile ndefu inataka fundi."

Nyuma ya nyumba ikasikika: Krrr-fyuu! Krrr-fyuu!

"Sauti gani hiyo?" Tembo akatega masikio.

"Jiwe la kusagia, mzee. Nasaga mtama."

"Unasaga huku umesimama hapa na mimi?"

"Watoto wanasaga. Mume wangu amefiwa, mzee. Mjomba wake wa Bonde la Mikwaju."

"Masikini! Mpe pole." Tembo akaondoka amejiinamia.

Mashavu akapandisha mkia. "Mkia juu, mkia juu!" Lakini moyoni akasema, mjomba mmoja hawezi kunitosha mpaka vuli. Lazima nimwachishe huyu pombe, na nimwachishe bila yeye kujua.

Akawaza. Kichwa chake kilikuwa kidogo, lakini alikiamini sana.

Nyegere alipolala, Mashavu akamwaga pombe yote kichakani. Akachanganya maji na asali, akayajaza vibuyuni. Vibuyu hakuviosha. Thubutu! Harufu ya pombe ya zamani ndiyo itakayompumbaza mlevi. Na kwa kuwa Kindi ni Kindi, haweki akiba ya siku moja, akajaza vibuyu sita. Akaviziba kwa majani ya mgomba, akavipanga karibu na meko, mahali pakavu pasipo panya. Akaonja tone: tamu, laini, hata mtoto angekunywa.

"Ee Mashavu," akajiambia, "mama yako alizaa!"

Kila siku akampelekea mumewe kibuyu kwa mikono miwili, akipiga na goti; kilichoisha akakijaza upya, akakirudisha mekoni.

"Mke wangu siku hizi umeshika adabu!" Nyegere akasema. Glu, glu, glu.

Na kila siku Nyegere akalewa chakari.

Mashavu akamchunguza kwa huruma. Masikini, anayumba kwa mazoea! Kichwa hakijapata habari kwamba tumboni mna maji. Akaamua kuongeza asali kidogo, ili mume apate nguvu.

Siku ya pili ya msaragambo, Tembo akarudi.

"Nyegere?"

"Amefiwa, mzee. Mjomba."

"Si alifiwa juzijuzi?"

"Yule alikuwa mwingine. Huyu ni pacha wake."

"Pacha naye!" Tembo akafuta chozi kwa mkonga. "Msiba mara mbili, na sisi hatujafika hata mara moja? Aibu iliyoje!"

Na hapo, wanangu, ujanja ukapita kiasi. Wakubwa wale walikuwa na nguvu, lakini walikuwa na moyo pia. Asubuhi ya msaragambo wa tatu, kabla ya kwenda kwa Nyati, wakakusanya unga na maharage, wakashika njia kwenda kuhani. Njiani wakampita Nyegere mmoja mzee mwenye fimbo na furushi.

"Mwaenda wapi na nyuso hizo?" akauliza.

"Msibani kwa Nyegere. Amefiwa na wajomba zake wawili wa Bonde la Mikwaju."

"Lo! Hata mimi natoka huko huko, naenda kwa huyo huyo. Wajomba gani tena? Twendeni nikalie."

Akaanza kulia palepale.

Mashavu aliposikia kilio, akachungulia. Mkia ukamshuka wenyewe. Alikuwepo Tembo, alikuwepo Twiga, alikuwepo Nyati, na mbele yao alikuwepo marehemu, analia kuwashinda wote.

"Mkwe wangu," yule mzee akasema, akipenga kamasi, "nimekuja kuzika. Amekufa nani?"

"Shikamoo, mjomba," Mashavu akanong'ona. "Ni... ni wewe."

"Mimi?"

"Mara moja tu. Ya pili alikuwa pacha wako."

"Ninaye pacha?" Mzee akaketi chini puu! "Miaka yote hii, na sasa ndiyo kwanza nasikia, tena tayari kafa!"

Krrr-fyuu! kukasikika nyuma ya nyumba.

"Jiwe la kusagia," Tembo akasema polepole. Masikio yake yalikuwa yamesimama.

"Sawa! Nimedanganya!" Mashavu akaruka juu ya kinu, ili angalau awafikie magoti. "Lakini msinione mjinga. Mume wangu nimemwachisha pombe! Mwezi mzima anakunywa maji ya asali na hajui. Mjomba, una kiu? Chukua kibuyu, uonje mwenyewe."

Mzee akachukua kibuyu kilichokaa mekoni siku nne. Akagusa kizibo.

Po! Kizibo kikaruka, kikamgonga Tembo katikati ya paji la uso. Povu likabubujika fyuuu! Mzee akanywa, akafumba macho, akanywa tena.

"Mkwe," akasema kwa heshima kubwa, "nani kakufundisha upishi?"

"Upishi gani?"

"Wa pombe. Hii ni kali kuliko yangu."

"Ni maji ya asali!"

"Kibuyu ulikiosha?"

"Sikukiosha. Niliacha harufu ya..." Mashavu akaanza kupunguza sauti.

"Ukaacha machicha, yale yanayochachusha. Ukatia asali, ukaziba, ukakiweka penye joto siku tatu nne. Hata mimi sifanyi zaidi ya hapo. Asali uliongeza?"

"Niliongeza," Mashavu akajibu, kwa sauti ya siafu. "Apate nguvu."

Nyati ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Twiga, na kicheko cha Twiga huchukua muda kutoka tumboni hadi mdomoni. Mashavu alitamani kuingia ndani ya kibuyu na kujiziba. Alimzungusha Simba, na sasa kajizungusha mwenyewe, tena mwezi mzima, tena akipiga goti!

Akashuka kinuni. Kwa mara ya kwanza akasema kwa sauti, "Mume wangu ni mlevi. Hivi sasa amelewa, yuko kule nyuma, na leo hataweza kuja."

Hakuna aliyecheka tena.

"Basi hiyo ni ya tatu," Tembo akasema, na haikumpendeza kuisema. "Sheria ni sheria."

"Nyumba itoe mtu, si ndivyo? Nihesabuni mimi."

"Wewe? Mzigo wa nyasi utakufunika."

"Nitabeba unyasi mmoja mmoja."

Akaenda. Kule kwa Nyati, kileleni, ambako hakuna mzito aliyethubutu kukanyaga, Mashavu alipita tiki-tiki-tiki, akifunga kamba kwa meno. Jioni Tembo akatamka: watu wazima wawili, mmoja kafanya kazi, wataezekewa nusu ya paa. Nusu hiyo Mashavu akachagua upande wa watoto.

Vibuyu sita akavirudisha kwa mwenyewe. "Pika mwenyewe, beba mwenyewe."

Mvua ya kwanza ikaja mchana. Nyegere alikuwa amelala chali chini ya nusu ya tundu iliyobaki. Zamani Mashavu angemvuta kwa sikio hadi pakavu, akihema. Leo alikaa na watoto upande wao, akiwachomea mahindi.

"Mashavu! Nalowa!"

"Nakuona."

"Mbona hukunivuta?"

"Mikono imechoka, baba watoto."

Nyegere akaketi, maji yakimchirizika puani. Akatazama nusu ya paa iliyo kavu.

"Nani kafunga mafundo yale?"

"Mimi."

Akayatazama sana. "Yamekaza kuliko yangu," akasema. Mvua ilipokatika, akachukua mundu akaenda kukata nyasi.

Je, aliacha pombe? Wanangu, sijui. Siku nyingine alirudi na nyasi, siku nyingine alirudi akibishana na kisiki. Lakini Tembo alipobisha na kuuliza Nyegere yuko wapi, Mashavu alimwambia mahali alipo kwa kweli, akachukua kamba zake akaenda kazini, akijiimbia:

"Mkia chini, mkia chini,
mjanja yumo mtegoni!"

Hapo ndipo kisa changu kilipotua, na funzo lake ni hili: anayemfichia mlevi ulevi wake, anamjazia kibuyu.