Ncha Mbili za Shuka

Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ndio unaoulalia kila siku. Msala upitao ni mzuri kuutazama, ila una mwenyewe, naye yumo njiani. Wazee walikuwa na sababu ya kutuasa juu ya mikeka hiyo miwili.

Kwanza kitendawili: mmoja asokota kuelekea ukutani, mwenzake kuelekea barabarani, na kazi yao ni moja. Umeshindwa? Nipe mji. Ni shuka bichi linalokamuliwa.

Bi Haraka na Bi Tabasamu walikuwa chanda na pete. Kwa miaka kumi na minane walifua kwa mikono mashuka ya wodi ya wazazi, kisha wakayakamua pamoja, huyu ncha hii, yule ncha ile, wakirushiana vijembe hadi maji yaishe. Ukaja uchaguzi. Siku moja Bi Haraka alifika kazini na kofia mpya ya chama cha Ngazi. Bi Tabasamu akacheka, akamwambia kuwa kura yake yeye ni ya Taa.

"Basi mimi sishiki shuka moja na msaliti," Bi Haraka alisema, uso umekunjamana kama limau lililokauka.

"Msaliti aliyekubebea mwanao mgongoni?"

Bi Haraka alichukua beseni lake akahamia upande wa pili wa ua.

Asubuhi hiyohiyo muuguzi mkuu alikuwa amewaonya. Mashuka yasipokauka kufikia saa kumi, wazazi watalala juu ya magodoro matupu, na kazi ya kufua watapewa wenye mashine. Mawingu nayo yalikuwa yameanza kujikusanya.

Bi Haraka akamwita mfagiaji wa ua, mwana-Ngazi mwenzake, akamshikisha ncha ya shuka. Wote wawili wakasokota kwa moyo mmoja kuelekea barabarani. Shuka likazunguka kama kamba ya kuruka, tone lisidondoke. Hawajang'amua kosa lao, kipaza sauti cha gari la mgombea wa Ngazi kikasikika. Mfagiaji akaiachia ncha yake topeni, akakimbilia kofia zilizokuwa zikigawiwa. Gari likapita, likaenda zake.

Saa tano ilikuwa imeshagonga. Bi Haraka alibaki ameshika ncha moja, mashuka thelathini yakichuruzika mbele yake, na aibu ikimzuia kugeuka.

Mara ile ncha ya topeni ikainuliwa. Bi Tabasamu aliisuuza polepole, akajipanguza mikono.

"Shika vizuri, mwenzangu. Wewe sokota kwa Ngazi, mimi nisokote kwa Taa. Tukienda upande mmoja maji hayatoki, umejionea."

"Nilikuita msaliti."

"Uliniita. Kesho utanifulia mapazia. Sokota."

Wakasokota, huyu ukutani, huyu barabarani, maji yakawamwagikia miguuni. Saa kumi muuguzi mkuu aliyapapasa mashuka moja baada ya jingine, akayabeba bila neno. Kwake yeye, hiyo ilikuwa ndiyo asante.

Siku ya kura walikwenda pamoja, kila mmoja akachagua chake, wakarudi wakitaniana. Mgombea yule hakuonekana tena mtaa ule. Kofia ya Bi Haraka sasa imetundikwa kwenye kamba ya kuanikia, imejaa vibanio vya nguo, na ncha ya pili ya shuka bado anaishika Bi Tabasamu. Usiache mbachao kwa msala upitao.