Benchi la Kipaimara

Mzee mmoja wa kanisa, wala si wa usharika huu, msianze kugeuza shingo, alikuwa na binti. Binti akapata chuo kikuu, asome uchumi na fedha. Baba kusikia neno chuo kikuu, hakungoja maneno yaishe. Akatangaza ibadani, akachinja mbuzi, watu wakala wakimwita yule mtoto "mchumi" na mifupa haijapoa.

Maneno yalikuwa hayajaisha. Chuo kilisema hesabu zake bado nyepesi, aanze na mwaka mmoja wa maandalizi, ndipo aingie kwenye uchumi wenyewe.

Binti alikubali. Baba akagoma. Akasema mtoto wake harudi shule ya vidudu, watu walishakula mbuzi, afadhali akae nyumbani mpaka apatikane chuo cha kumpokea moja kwa moja. Mama akajaribu kusema, akaambiwa aangalie sufuria zake. Na nafasi ilikuwa inafungwa Jumatatu.

Sasa, Jumamosi mzee huyo hufundisha kipaimara. Benchi la mbele, katikati ya watoto, alikaa muuza mkaa mwenye wajukuu, magoti yanakaribia kidevu. Akaomba kwa heshima abarikiwe tu, haya mafundisho ya mwaka mzima asamehewe, maana hata wajukuu wanamcheka.

"Hapa haruki mtu," mzee akamjibu. "Unaona aibu ya nini? Ya kujifunza?"

Binti alikuwa mlangoni na chai ya baba yake. Akaiweka mezani, asitoke. Akaenda kukaa kwenye lile benchi.

"Wewe vipi?"

"Nimekuja kukaa na wanaojifunza, Baba. Au kutoona aibu ni kwa wauza mkaa peke yao?"

Muuza mkaa akasogea kumpisha. "Kaa, mjukuu wangu. Aibu inawasha siku za mwanzo, halafu inachoka yenyewe."

Mzee akafungua kitabu, ukurasa akautafuta asiuone. Jumatatu alimbebea binti begi mpaka stendi.

Mnacheka. Haya, chekeni, kisha mnijibu: yule baba alimwogopa nani? Chuo? Chuo kilishafungua mlango. Hesabu? Hesabu si zake. Alituogopa sisi. Sisi tuliokula mbuzi. Sisi tunaoijua siku ya kushangilia, lakini tukimwona mtu anajifunza taratibu tunamwambia kafeli. Mungu mwenyewe huanza na mbegu, hatumwambii kachelewa. Kwa mtoto wa jirani ndipo tunapopata mdomo.

Binti huyo akija likizo, ukamkuta kisimani, usimwulize uchumi ataanza lini. Mwulize amejifunza nini. Halafu fanya lile linalotushinda wanawake wa umri wangu: nyamaza, umsikilize.