Dakika Tano za Deir Salwan

Sogeeni mnisikilize, maana hukumu ya jambo hili imenishinda.

Katika kijiji cha Deir Salwan, huko Palestina, walikuwapo watu watatu. Nuha, mwalimu, alijua kuandika kweli bila kuipamba. Jubran, mkulima wa mizeituni, alikuwa na neno lililosikilizwa na vijana wote. Wa tatu alikuwa mgeni, Sajini Lusekelo, Mtanzania wa kikosi cha kulinda amani. Yeye hakujua kukimbia.

Kikosi kilikuja na ahadi: wanakijiji wakimaliza mwaka bila kumwaga damu, jeshi la kigeni linaloikalia barabara ya kijiji litaondoka, na Deir Salwan itatawaliwa na Wapalestina wenyewe, iwe mfano wa dola wanayoidai.

Siku ya mavuno, walowezi wenye bunduki walishuka kutoka makazi yao ya kilimani. Lusekelo akasimama kati yao na wavunaji, mikono juu. "Hawa wanachuma zeituni tu! Rudini!" Risasi ikamvunja goti, mguu ukakatwa. Wavunaji arobaini waliokoka. Mmoja hakuokoka: Rami, mwana pekee wa Jubran.

Jioni ile vijana walibeba silaha. Jubran, kanzu yake bado mbichi kwa damu ya mwanawe, akajilaza katikati ya njia. "Anayekwenda kulipiza kisasi, anikanyage mimi kwanza." Hakuna aliyethubutu.

Waangalizi wakaja kuuliza nani alianza. Wa kilimani walidai kwamba wao ndio walioshambuliwa. Nuha akatoa madaftari yake: tarehe, saa, mashahidi. Yalikuwamo hata mawe ambayo vijana wa kijiji waliwarushia wiki iliyotangulia. Kwa sababu hiyo waangalizi waliamini yote. Kwa sababu hiyohiyo vijana wawili walifungwa, mmoja wao mtoto wa dada yake Nuha. Dada huyo hajamsalimia tena.

Mwaka ukatimia, jeshi likaondoka. Ndipo ikaja barua: mkutano wa mataifa utaamua kama Palestina iwe dola. Mtu mmoja tu, miongoni mwa walioleta amani Deir Salwan, atapewa dakika tano za kusema. Wazee wakampa Nuha barua ajaze jina.

"Niandike mimi, mwalimu," alisema Lusekelo, akiegemea magongo yake. "Wakubwa wale watamsikiliza askari wa nje kuliko ninyi."

Maneno yalimchoma Nuha kwa kuwa yalikuwa kweli.

"Akitusemea mgeni, basi bado hatuna nchi," alisema Jubran. "Niandike mimi, mwalimu; nimezika mwana. Nimezika na hasira ya kifo chake pia."

Nuha hakuwaambia kwamba naye alizitaka dakika zile. Nani mwingine alikuwa akipita sokoni watu wakimgeuzia mgongo? Alizitaka, na akajichukia kwa kuzitaka.

Ukimwondoa yeyote kati yao, amani isingepatikana. Barua inatakiwa kesho asubuhi, na pana nafasi ya jina moja tu.

Haya, ninyi mlionisikiliza: kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na wale wawili ungewaambia nini?