Mkia wa Pimbi na Doa la Udongo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na milango kama yetu, Nyati alikuwa mganga. Kila aliyepiga hodi kwake alipewa kwanza bakuli la uji, ndiyo desturi, kisha akaulizwa shida yake. Basi mnajua wenyewe kilichotokea, wanangu. Wenye njaa wakawa wengi kuliko wagonjwa.

"Tufanyeje?" Nyati akamuuliza mkewe.

"Mweke mlangoni mtu wa kuwasikiliza," mkewe akasema. "Mwenye shida aingie, mwenye porojo arudi kwake."

"Kumsikiliza kila mmoja? Tutakesha. Afadhali kila mmoja hodi moja kwa siku, basi."

Akamweka Kifaru mlangoni na chungu cha udongo mwekundu. Ukipiga hodi, pa! doa kwenye paji la uso. Ukirudi na doa siku hiyohiyo, hupiti. Kifaru haoni vizuri, lakini doa jekundu aliliona.

Kesho yake asubuhi, wa kwanza kufika alikuwa Mama Swala, akachukua dawa ya homa ya mwanawe. Nyuma yake akaja Pimbi, yule mdogo mwenye mdomo usiotulia.

"Hodi, Mzee. Mkia unaniuma."

Pimbi hana mkia, jamani! Lakini Kifaru hakusikiliza, kazi yake ilikuwa doa. Pa! Pimbi akanywa uji, akachomoka kabla Nyati hajamuuliza shida, akashuka mtoni, chubwi! akanawa uso, akarudi.

"Hodi, Mzee. Mkia umezidi kuuma."

Pa! Uji. Chubwi! Akarudi tena, na tena.

Jua lilipofika utosini, Mama Swala akaja mbio, doa bado liko usoni.

"Hodi! Baba Kifaru, mtoto anatetemeka, macho yamegeuka. Dawa ya asubuhi ameitapika."

"Una doa, mama. Njoo kesho."

"Kesho sitakuwa na mtoto."

"Ndivyo nilivyoagizwa," Kifaru akasema, akaangalia chini. Hata yeye aliona haya.

"Mto uko pale," Swala akasema huku analia. "Ningeweza kunawa uso nikapita. Lakini nilidhani tumekubaliana." Akageuka, akarudi kwa mwanawe.

Ndani ya ua, Pimbi alikuwa na bakuli mdomoni. Maneno yale aliyasikia yote, akaweka bakuli chini. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Aibu haikumruhusu.

"Mzee Nyati," akasema kwa sauti ndogo, "mimi sina hata mkia. Tangu asubuhi nanawa mtoni na kurudi. Aliyefukuzwa ni Mama Swala, na mwanawe anakufa."

Nyati akamwangalia Pimbi usoni, kisha akamwangalia nyuma. Mkia haukuwepo. Mnyama mkubwa vile akatamani ardhi ipasuke immeze. Akabeba mkoba wa dawa, akakimbia hadi kwa Swala.

"Hodi," akasema kwa unyonge.

Mlango haukufunguliwa.

"Hodi."

"Hiyo ni ya pili leo, Mzee," Swala akajibu kutoka ndani. "Lakini ingia."

Nyati akaingia ameinamisha pembe, hakuthubutu kumtazama. Mtoto akanywa dawa, na jioni akaomba maziwa.

Chungu cha udongo bado kipo mlangoni. Ila siku hizi, kabla ya kuchovya, Kifaru huuliza, "Unaumwa nini?" kisha hungoja jibu.

Nami nawaambia hili moja: anayehesabu hodi bila kuzisikiliza humkaribisha mjanja na kumfungia nje mwenye shida.