Bibi Nyamizi na Majembe Yaliyovunjika

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya watu wenye njaa. Tena. Paukwa!

— Pakawaa!

Haya, sasa mmefika. Wewe mwenye miguu mirefu, ikunje, wenzako wakae. Niwasimulie habari za Bibi Nyamizi.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia kwa bibi yake, palikuwa na mji wa wahunzi. Jina la mji limetupotea, lakini kazi yake tunaijua. Mji ule ulifua majembe. Asubuhi, ti! ti! ti! Mchana, ti! ti! ti! Mivukuto ikipumua, fuu, fuu, fuu, na moto ukinyanyuka. Watu walitembea siku tatu, siku nne, kuja kununua. Walileta chumvi. Walileta mbuzi. Walileta mtama kwenye vikapu vikubwa. Msichana hakuolewa mpaka mahari yake iwe na majembe ya mji ule.

Na kila mhunzi alikuwa na alama yake, aliipiga kwenye shingo ya jembe. Huyu mwezi mchanga. Yule mistari mitatu. Mwingine unyayo wa kanga.

Unyayo wa kanga ulikuwa alama ya mume wa Bibi Nyamizi. Mume alipofariki, alama ikaenda kwa mwanawe, Misigalo, naye akawa mkubwa wa wahunzi wote.

Bibi Nyamizi mwenyewe alikuwa mfupi, mwenye macho madogo ya kucheka. Alipenda ugoro. Alipenda mazungumzo. Ujanani, mumewe akifua, yeye alibeba majembe kichwani na kuyapeleka vijijini, akala kwenye vyungu vya watu, akalala nyumba za watu, akajua majina ya watoto wao. Uzeeni alikuwa na punda mmoja, akimwita Shemeji, kwa sababu, alisema, huyu hafanyi kazi mpaka abembelezwe.

Basi. Mji ukaanza kufifia.

Mwaka wa kwanza wanunuzi walipungua. Mwaka wa pili wakapungua tena. Mwaka wa tatu nyasi ziliota sokoni, mbuzi wakalala mahali pa wachuuzi. Nyundo zikanyamaza moja baada ya nyingine. Nyumba hii ikafungwa, nyumba ile ikafungwa. Watu walifunga mizigo yao, wakaondoka bila kuaga, maana kuaga kunauma.

Waliobaki wakatafuta wa kumlaumu. Mmoja akasema, "Tumerogwa." Mwingine akasema, "Ni ile njia mpya ya bondeni." Mwingine, "Ni husuda ya majirani."

Mtemi Shigela, mtawala wa mji, akaita baraza. Hakuwa mtu mbaya, Mtemi Shigela. Aliupenda mji wake, lakini aliupenda kama mtu anayependa kanzu yake: alitaka uonekane. Akasema, "Mji wetu hauna sura. Mgeni akija, anaona nini? Tujenge lango. Lango kubwa, la miti minene, lililofunikwa chuma toka juu mpaka chini. Likimetameta, watu watakuja."

Wakajenga lango. Chuma chote kilichobaki kikaingia pale. Miezi minne walijenga. Siku lilipofunguliwa, ngoma zikapigwa, watu wakapanga mistari miwili kuwapokea wageni.

Wakasubiri. Wakasubiri.

Akapita mbuzi.

Cheka, cheka tu. Lakini wao hawakucheka. Mtemi aliketi chini palepale langoni, kichwa mikononi, akasema, "Tuvune mtama uliopo. Tukishavuna, kila mtu aende anakojua. Mji umekwisha."

Wanawake wakaanza kulia. Ndipo Bibi Nyamizi akauliza, kwa sauti ile ile ambayo ungemuulizia mtu kama amekula:

"Mmewauliza?"

"Kuwauliza kina nani, Bibi?" akasema Mtemi.

"Wale waliokuwa wakija. Mmewauliza kwa nini hawaji?"

Wahunzi wakatazamana. Misigalo akasema, "Mama, sisi ndio wahunzi. Twende kubisha hodi kwa wakulima, kama ombaomba?"

"Wewe usiende, mwanangu," akasema Bibi Nyamizi. "Nitakwenda mimi. Mimi nilishazoea kubisha hodi."

Akamfunga Shemeji kamba, akachukua kibuyu cha maji na ugoro wake, akatoka kupitia lango lile la chuma, hata hakulitazama.

Akaenda, akaenda, akaenda. Siku ya pili akafika kijiji cha kwanza. Zamani, akifika pale, watoto walimkimbilia njiani. Safari hii walimtazama kwa mbali. Akamkuta mama mmoja shambani, anaitwa Kabula, mtoto mgongoni. Alikuwa anachimba mashimo ya mbegu kwa kijiti. Kwa kijiti! Anapiga magoti, anachimba, anasogea, anapiga magoti tena.

"Kabula mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, Bibi." Hakuinua uso.

"Jembe lako liko wapi?"

Kabula akasimama. Akaenda pembeni ya shamba, akarudi na vipande viwili vya chuma, akavitupa miguuni pa Bibi Nyamizi. Kla! Kla!

"Nilitoa mbuzi mzima kwa jembe hili," akasema. "Siku ya kwanza nikalima. Siku ya pili, kah! likavunjika. Mvua ilikuwa inanyesha, Bibi. Wenzangu wanapanda, mimi nazunguka kuazima jembe. Nani atakuazima jembe mvua inanyesha? Mwaka ule tulikula majani. Sasa umekuja kuniuzia lingine?"

Bibi Nyamizi akainama, akakiokota kipande cha shingo. Akakifuta udongo kwa kiganja cha mkono wake.

Unyayo wa kanga.

Alama ya mumewe. Alama iliyomlisha miaka yote. Aliishika hivi, kwa mikono miwili, na yale macho yake ya kucheka hayakucheka. Angeweza kusema, labda ulilima kwenye mawe. Angeweza kusema, labda mpini ulikuwa mbovu. Hakusema. Alisema, "Nisamehe, mwanangu. Nyumba yangu imekunyima chakula."

Kisha akatafuta kijiti chake, akapiga magoti, wakapanda wote wawili mpaka jua likashuka. Walipomaliza alisema, "Niruhusu nivichukue vipande hivi."

"Vya nini?"

"Nataka mwenyewe avione."

Akaenda, akaenda, akaenda. Kijiji cha pili: lako limefanyaje? Kah! limevunjika. Kijiji cha tatu: na lako? Kah! limepinda kama sikio la mbwa. Mwezi mchanga, limevunjika. Mistari mitatu, limevunjika. Unyayo wa kanga, limevunjika, limevunjika. Mahali pengine walimfokea. Mahali pengine walimfungia mlango, akaketi nje hapo hapo mpaka mlango ukafunguka. Alisikiliza wote. Shemeji akajaa vyuma mgongoni mpaka akagoma, ikabidi abembelezwe kwa dakika nyingi na majina mazuri mazuri.

Siku ya kumi na mbili akarudi mjini. Ilikuwa saa za asubuhi, watu wanatwanga. Bibi Nyamizi hakwenda kwa Mtemi, hakwenda nyumbani kwake. Alipita kiwanda kwa kiwanda. Kwenye mlango wa mwenye mwezi mchanga akamwaga majembe ya mwezi mchanga. Kla-kla-kla! Kwenye mlango wa mwenye mistari mitatu akamwaga ya mistari mitatu. Kla-kla-kla! Na mzigo wa mwisho, uliokuwa mkubwa kuliko yote, akaumwaga kwa Misigalo.

Wahunzi wakatoka mbio. Watu wakajaa.

"Mama!" Misigalo akafoka. "Umenivua nguo mbele za watu!"

"Huko nilikotoka, mwanangu, umeshakuwa uchi mwaka wa nne," akasema Bibi Nyamizi. "Ni sisi wa huku tu ambao hatukujua. Keti. Nimechoka, sitaki kukutazama nikiwa nimeinua shingo."

Misigalo akaketi. Mama yake akampa kile kipande cha Kabula, akamsimulia habari za kijiti na mtoto mgongoni na majani waliyokula. Akamwuliza polepole, "Ilikuwaje?"

Misigalo akakigeuzageuza kile kipande mikononi. Kisha akasema, "Wanunuzi walikuwa wengi, Mama. Chuma kilikuwa kidogo. Nikafua jembe jembamba. Nikalitoa motoni kabla halijaiva. Likang'aa vizuri tu. Hakuna aliyerudi kulalamika, nikaona ni sawa."

"Na mimi nilisema," akaongeza Kasanda, mhunzi mzee mwenye mistari mitatu, akitazama vidole vya miguu yake, "nilisema likivunjika upesi, mwenyewe atarudi upesi kununua lingine."

"Walirudi?" akauliza Bibi Nyamizi.

Kasanda akatikisa kichwa.

Wakati huo Mtemi Shigela alikuwa amefika, amesimama nyuma ya watu. Akasema, "Bibi, sasa tumejua. Lakini tufanye nini? Watu hawa wanataka majembe ya kweli, na sisi hatuna chuma hata cha sindano."

"Kipo, Mtemi," akasema Bibi Nyamizi. "Kimesimama kule barabarani."

Watu wote wakageuka kulitazama lango.

Jamani, lango lilikuwa zuri! Lilikuwa linawaka juani. Mtemi alilitazama kama mtu anayemtazama mwanawe anasafiri. Bibi Nyamizi akamsogelea, akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ndogo, "Najua, mwanangu. Najua ulivyolipenda."

Mtemi akajifuta uso. Akaazima koleo kwa Kasanda. Akatembea mpaka langoni, akang'oa bamba la kwanza kwa mikono yake mwenyewe. Kraa!

Mpaka jioni lango lilikuwa miti mitupu. Kesho yake mivukuto ikapumua, fuu, fuu, fuu. Safari hii hawakuharakisha. Jembe lisipoiva lilirudi motoni. Likiwa jembamba lilirudi motoni. Wahunzi wawili walikasirika wakahama, na hawakurudi tena, wala sitawadanganya kwamba walirudi. Waliobaki wakafua mpaka chuma cha lango kikaisha.

Kisha Bibi Nyamizi akasema, "Sasa kila mtu abebe ya kwake. Alama yako, miguu yako."

Misigalo akaenda kwa Kabula. Akamkuta shambani. Akasimama kama mtoto aliyetumwa, akasema, "Mimi ndiye mwenye unyayo wa kanga. Nimekuletea jembe. Sitaki kitu."

Kabula akalipokea, akaligonga kwenye jiwe. Ngeng! Akalitazama. "Ngoja nilime kwanza," akasema.

Misigalo akangoja. Jua likawa kali, akangoja. Akaomba kijiti, akaanza kung'oa magugu. Jioni Kabula akasimama, akapangusa jembe kwa majani, akaliegemeza begani. Hakumsifu. Alisema tu, "Uji upo, njoo unywe." Na Misigalo, mkubwa wa wahunzi, alikunywa uji ule akilia, akisingizia moshi.

Mnadhani siku ya pili watu walijaa sokoni? Hawakujaa. Mwaka ule hakuja mtu. Mji ulikula mtama wa kugawana, nyumba yenye kibaba ikaipa isiyo nacho, na wakati mwingine Mtemi alilala na uji kama wengine. Mwaka uliofuata akaja mzee mmoja na kikapu cha chumvi, akanunua jembe moja, akaondoka. Mji mzima ulisimama kumtazama akiondoka, wala hakuna aliyethubutu kupiga kelele, wasije wakamtisha. Baada ya mvua akarudi na wanawe watano. Kisha wakaja wa kijiji cha Kabula. Kisha wakaanza kurudi hata wale walioondoka zamani bila kuaga, wakazikuta nyumba zao zimefagiliwa. Nani alizifagia? Nyinyi mnamjua.

Mtemi alitaka kumpa Bibi Nyamizi kiti barazani. Akakataa. "Kiti kitanichosha," alisema. "Nipeni kila jembe jipya nilijaribu bustanini kwangu." Pale kwake palikuwa na ardhi ngumu, kavu, yenye changarawe. Basi ungewaona wahunzi wakubwa wakubwa, mabega haya, wamepanga foleni mbele ya bibi mfupi anayelima mstari mmoja, anapumzika, anavuta ugoro, anapiga chafya, anasema, "Hili lina adabu," au anasema, "Mh-mh, mwanangu, lirudishe."

Akaishi hivyo miaka sita. Akafariki katikati ya kiangazi, ardhi ikiwa kama mwamba. Misigalo na Kasanda na Mtemi Shigela na wahunzi wote wakachimba kaburi lake wenyewe, kwa majembe waliyoyafua wenyewe. Walichimba wakilia, wakipiga kwa nguvu zote, ardhi ikitoa cheche.

Hakuna jembe hata moja lililovunjika.

Basi, wanangu, mji ukianguka, watu hukimbilia kuupaka rangi. Bibi Nyamizi anatufundisha tuanze kwa kwenda kwa wale tuliowaumiza, tuwaulize, tuwasikilize mpaka mwisho hata kama maneno yanachoma, kisha turudi tufanye kazi yetu kwa haki. Mengine huja polepole.

Nimeitua hadithi yangu hapa. Aliyeipenda ainyanyue, akawape wa kwao.