Mgomba wa Sekela

Mtu mmoja alikuwa na mgomba mmoja, naye aliishi mahali ambapo mgomba si kwao. Aliitwa Onesmo Chaula, mkulima wa viazi huko juu Ukinga, ambako mwezi wa saba mtu huamka akakuta sakitu, umande ulioganda, imetanda shambani nyeupe kama chumvi. Viazi hustawi huko. Ngano nayo hustawi. Lakini mgomba! Majirani waliouona nyuma ya jiko lake walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mgomba changaraweni haupandwi ukamea, bwana Chaula," walimwambia, "sembuse kwenye barafu."

Mgomba ule ulikuwa wa mkewe, Sekela. Yeye alizaliwa Kyela, bondeni kwenye joto, na siku alipoolewa mama yake alimfungia chipukizi katika gunia bichi aende nalo milimani. Sekela alilipanda nyuma ya jiko, mahali joto la mafiga lilipopenya ukutani. Miaka mitatu mgomba uliishi. Haukuzaa hata kichane kimoja, lakini uliishi, na Sekela alipomaliza kufua alikuwa akipita kuupangusa majani na kuimba nyimbo za kwao. Onesmo alimtazama, na moyoni akajiwekea jambo ambalo hakumwambia mtu: mgomba ukikaa, mke atakaa. Mgomba ukifa, mke atarudi kwao kwenye joto. Nani alimwambia hivyo? Hakuna. Alijiambia mwenyewe, kisha akajiogopesha kwa maneno yake mwenyewe.

Mwaka ule baridi ilikuja na hasira. Kwa asubuhi mbili tu majani yote ya mgomba yaliungua, shina likalainika na kuinama. Wiki hiyohiyo ikaja habari kwamba mama yake Sekela ameanguka, na mkono na mguu wa kulia havisikii. Sekela alifunga mizigo. Kabla ya kuondoka alilikata shina lililoungua karibu na ardhi, akafunika kisiki kwa udongo na nyasi kavu, akamwambia mumewe, "Usiuguse. Mvua ya kwanza ikinyesha utachipua wenyewe. Na mimi, mama akiweza kuketi, nakuja."

Maneno mepesi hayo. Hata mtoto angeyashika.

Mwezi wa nane ukapita. Wa tisa ulipoingia, jua likaanza kuwa na joto, mipichi ikatoa maua kabla ya majani, na kila ua wa jirani ukawa na kitu cha kijani. Nyuma ya jiko la Onesmo palikuwa na rundo la nyasi tu. Kila asubuhi alilisimamia rundo lile roho ikiwa juu. Je, kama kisiki kimekufa huko chini? Je, kama Sekela atakuja na kukuta mzoga?

Sasa, watu wa viazi wana desturi yao: hawauamini udongo. Mkulima hupasua tuta kwa vidole, akapapasa viazi vimefikia ukubwa gani, akafukia. Kiazi hakina neno. Na mbegu akiiona imeoza huing'oa papo hapo akaitupa nje ya ua, isije ikaambukiza wenzake. Ni akili nzuri, imewalisha babu zao. Onesmo akajisemea, wasiwasi ndiyo akili, akachukua jembe.

Mara ya kwanza alikuta kisiki kigumu na cheupe. Nyie, furaha aliyoipata! Alifukia, akala vizuri, akalala fofofo. Siku ya tatu akaanza kujiuliza kama aliona sawasawa. Akafukua tena. Kisha tena. Na kila alipofukua alikata mizizi midogo iliyokuwa ndiyo kwanza inashika, na kila alipofukia aliacha udongo umelegea na baridi ikapata njia. Hakuliona hilo. Aliona kwamba anatunza mali ya mkewe.

Kwa mkewe mwenyewe alifanya vivyo hivyo. Alipanda mlimani mahali simu inaposhika, akampigia asubuhi na jioni. "Mama anaendeleaje? Unakuja lini? Mbona jana hukupokea?" Swali la pili halijajibiwa, la tatu limefika. Sekela alijibu kwa upole, halafu akawa anajibu kwa kifupi, kwa kuwa alikuwa na mgonjwa wa kumgeuza kitandani. Onesmo aliusikia ule ufupi. Basi akamwendea dereva wa lori linaloshusha viazi Kyela, akamwambia, "Pita pale kwa mkwe wangu. Angalia tu kama kweli anaumwa."

Dereva alitazama chini. Mkwe hachunguliwi, hilo hata asiyesoma analijua. Lakini alikwenda, akarudi, akasema, "Anaumwa, kaka. Nilimkuta mkeo anamlisha uji." Onesmo alilala siku mbili kwa amani. Siku ya tatu akajiuliza kwa nini dereva alisema maneno machache hivyo, na kwa nini alikuwa akikwepa macho yake.

Ikaja asubuhi alipofukua akakuta kisiki kimeingia weusi juu, na kina harufu. Manyunyu ya ukungu yalikuwa yameingia katika shimo alilokuwa akilifungua mwenyewe. Hakukigeuza aone upande wa chini. Aliking'oa chote kama mbegu iliyooza, akakitupa nje ya ua, akafukia shimo, akapanga nyasi juu vizuri kuliko zilivyokuwa mwanzo. Alikusudia kumwagiza dereva chipukizi lingine, alipande palepale, na Sekela asijue kamwe.

Sekela alifika kesho yake kabla ya saa sita.

Hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya jiko, akazitazama zile nyasi zilizopangwa vizuri mno, kisha akatazama nje ya ua. Alikwenda akakiokota kisiki, akakigeuza, akakifuta kwa ncha ya kanga. Upande wa chini palikuwa na chipukizi jeupe, urefu wa kidole, limekatwa katikati na jembe. Kando yake palikuwa na jingine, dogo kama punje ya haragwe.

Onesmo alianza kusema juu ya baridi.

"Mgomba ulikuwa unakuja, Onesmo," alisema Sekela. "Na mimi nilikuwa nakuja. Siku dereva wako alipofika kumchungulia mama, mzigo wangu ulikuwa mlangoni. Niliufungua ili nipate kumnyamazisha. Alilia mpaka usiku, akisema mkwewe anamwona mwongo."

Hakupaza sauti. Alilitafuta lile gunia alilokuja nalo miaka mitatu nyuma, akalilowesha, akakifunga kisiki ndani yake kwa utaratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto. Onesmo alimwambia, "Mke wangu, nilikuwa naogopa tu." Ilikuwa kweli. Sekela aliitikia kwa kichwa kwamba anajua. Asubuhi alipanda lori la viazi, gunia likiwa mapajani, na yule dereva akaendesha bila kutazama pembeni.

Siku ya nne mvua ya kwanza ikanyesha. Ilinyesha vizuri, bila upepo, mvua ambayo watu huombea. Vitu vyote vya majirani vikanyanyua vichwa. Onesmo alisimama nyuma ya jiko, akaona udongo laini alioufukia ukititia na maji yakijaa mahali pale, naye hakuwa na kitu cha kufunika.

Nawe unayesema unapenda, awe mwanao, mwenzi wako, au Mungu wako uliyemwomba jambo jana: umeambiwa usubiri mvua, basi hilo jembe mkononi mwako asubuhi hii ni la nini?